Mikopo ya wanafunzi na mifumo inayosomana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Dirisha la mikopo likifunguliwa, simu kutoka Newala, Masasi, Nachingwea na Kilwa huja na maswali yale yale: jina limekataa, cheti hakijahakikiwa, deni haliendi. Karibu yote chanzo chake ni kimoja. Siku hizi ofisi zinasomana, na zinaposomana hazikutazami uso, zinatazama kama namba na herufi zako zinakubaliana. Naamini hatua hii imewasaidia watoto wa kusini kuliko wengi wanavyodhani. Naamini pia kwamba taarifa zikikosewa, anayeumia ni yule yule aliyetakiwa kusaidiwa kwanza, na ndiyo maana baadhi ya majibu hapa ni marefu.

Mifumo kusomana maana yake nini kwa mwombaji wa mkopo?

Maana yake ofisi zinaulizana zenyewe badala ya kukuzungusha wewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Kwa miaka mingi ilimjua mwombaji kwa karatasi alizoleta tu. Ulitoa nakala, ukagonga mihuri, ukafunga bahasha, ukaituma Dar es Salaam kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, kisha ukakaa kusubiri.

Leo ukiingia kwenye mfumo wa maombi, OLAMS, unaanza na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na jina linatokea lenyewe kwa sababu limetoka Baraza la Mitihani (NECTA). Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa unatoka RITA, wakala unaosajili vizazi na vifo. Namba ya utambulisho wa Taifa, yenye tarakimu 20, inatoka Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, nayo ina namba yake. Udahili wako unathibitishwa kupitia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa vyuo vikuu na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa vyuo vya kati, na ada ya maombi, Sh 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali.

Kwa mtu wa Liwale au Nanyumbu hili si jambo dogo. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Kilwa, magari yakakwama Somanga. Bahasha nayo ingekwama humo. Sasa karatasi zilizosainiwa zinaskaniwa na kupakiwa kutoka hapo hapo ulipo.

Kama wanasomana, mbona bado natakiwa kwenda kwa mwenyekiti na kwa wakili?

Kwa sababu fomu bado inataka saini ya serikali ya kijiji au mtaa na ya kamishna wa viapo. Mashine inajua umezaliwa lini. Haijui nani anakulea.

Taarifa zangu zote zimerundikwa kwenye ghala moja?

Hapana. Kila ofisi inabaki na daftari lake. Kinachosafiri ni swali na jibu. Tanzania tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyo chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, na ipo njia ya pamoja ya kubadilishana taarifa za Serikali, GovESB, ambamo mfumo mmoja unapitisha swali kwenda mwingine na kurudishiwa jibu.

Marekani walikutana na suala hili mapema. Mpaka mwaka 2010 mwanafunzi wa huko aliweza kukopa benki binafsi kwa dhamana ya serikali, kwa hiyo madeni ya mtu mmoja yangeweza kuwa kwa wakopeshaji kadhaa, kila mmoja na hesabu zake. Wizara yao ya elimu ina hifadhi ya kitaifa, NSLDS, ambako taarifa hukusanywa mahali pamoja. Wakopeshaji na wadhamini wao nao wakajenga mtandao wa namna nyingine, Meteor, usio na ghala kabisa: chuo kilipouliza, swali lilikwenda kwa kila mwenye kumbukumbu, majibu yakaunganishwa na kuonyeshwa papo hapo, na kila mmoja akabaki na chake.

Mimi niko upande wa kuuliza kuliko kurundika. Nakala huzeeka. Ukirekebisha jina lako NIDA leo, nakala iliyochotwa mwaka juzi haina habari, na mtu atakayekuhukumu kwa nakala hiyo atakuwa na uhakika kabisa kwamba yuko sahihi.

Jina langu la kidato cha nne, la NIDA na la cheti cha kuzaliwa hayafanani. Nitanyimwa mkopo?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote huku kwetu, na lina historia yake. Watoto wengi wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao hutoka jandoni au unyagoni na jina jipya. Darasa la kwanza aliandikishwa kwa jina moja, darasa la tano akaitwa lingine, na mwalimu akaandika alilolisikia. Ongeza tahajia: Saidi na Said, Hadija na Khadija, Mohamedi na Muhammad, Zainabu na Zainab. Nyumbani wote ni mtu mmoja. Kwenye kompyuta, irabu moja ya mwisho inatosha kuleta watu wawili.

Chukua mfano wa binti wa Kitangari. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Zainabu Saidi Hamisi. Cha kidato cha nne kinasema Zainab S Hamis. NIDA wameandika Zainabu Hamisi Saidi, kwa sababu siku ya kujiandikisha aliulizwa jina la baba kisha la babu, akajibu kwa haraka huku foleni ikimsukuma. Hakuna aliyedanganya hapo. Lakini mfumo ukiuliza NIDA kama Zainab S Hamis yupo, jibu litarudi hapana.

Cha kufanya: chagua nanga yako, na kwa mwanafunzi nanga ni jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, kwa kuwa hilo ndilo gumu kuliko yote kuguswa baada ya mtihani kufanyika. Mengine yasogezwe yalifuate. Kama bado hujajiandikisha NIDA, nenda na cheti mkononi, soma kila herufi kwenye fomu kabla ya kusaini. Kama umeshajiandikisha kwa makosa, anza marekebisho NIDA mapema, si wiki dirisha linapofunguliwa. Pale ambapo majina ni tofauti kabisa, si tahajia tu, utahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kiapo cha kawaida cha mahakamani mara nyingi hakitoshi.

Na kwa walimu wenzangu wa shule za msingi na sekondari: kazi hii yote ingeisha kwenu. Mtoto akisajiliwa kwa mtihani, mwiteni mzazi na cheti cha kuzaliwa, muyasome majina matatu kwa sauti. Ni dakika chache kwa mtoto mmoja, nanyi mtakuwa mmemwokoa na miezi ya kuhangaika akiwa na miaka 19.

Nilirudia mtihani wa kidato cha nne. Nitumie namba ipi?

Tumia namba ile ile uliyoombea udahili chuoni. Ukiomba chuo kwa namba ya mtahiniwa wa kujitegemea, inayoanza na P, halafu ukaomba mkopo kwa ile ya shule inayoanza na S, TCU watakuwa na mtu mmoja na Bodi mwingine. Jina lako litaonekana kwenye orodha ya waliodahiliwa, mkopo usikuone.

Cheti changu cha kuzaliwa ni halisi. Kwa nini kihakikiwe tena RITA?

Kwa sababu Bodi haiwezi kuangalia karatasi ikajua kama kumbukumbu yake ipo. Uhakiki unaombwa RITA kwa mtandao, na unaweza kufanyika kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa. Wenye vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono wawahi zaidi. Kumbukumbu zao huenda zikatafutwa kwenye madaftari.

Mama alifariki kijijini, hatukuchukua cheti cha kifo. Nifanyeje?

Kifo kinaweza kusajiliwa kwa kuchelewa. Anzeni na barua ya mtendaji wa kijiji, kisha huduma za RITA zilizo katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Naomba wazee wanaosoma hapa walitie maanani: yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi, kwa mfumo, ana wazazi wote wawili. Msiba ukishaanuliwa, mtu mmoja wa ukoo apewe kazi ya kufuatilia cheti, hata kama mtoto yuko darasa la pili.

Kaya yetu ilikuwa TASAF, lakini tumetolewa. Niandike?

Andika hali ilivyo. Kaya inaweza kuhitimu na kutoka kwenye mpango, na namba ya zamani ikaulizwa na kurudi na jibu la kwamba si mnufaika tena. Usiazime namba ya kaya ya jirani. Majina ya wanakaya yapo kwenye kumbukumbu hizo.

Baba analipwa benki baada ya mnada wa korosho. Si nitaonekana nina uwezo?

Kwenye kazi ya mzazi andika mkulima wa korosho, wala usione haya wala hofu. Lakini swali lenyewe ni la maana, na hapa nina neno kwa wanaopanga jinsi uhitaji unavyopimwa.

Novemba 2018, baada ya wanunuzi na wakulima kushindwana bei, Serikali ilitangaza kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Oktoba 2023 bei kwenye minada ya Newala na Tandahimba zilikuwa karibu Sh 2,000. Oktoba 2024 zikapita Sh 4,000. Kaya ile ile, mikorosho ile ile. Akaunti ya mkulima ikisomwa Novemba utaona mtu mwenye fedha. Ikisomwa Julai, wakati mtoto wake anajaza fomu ya mkopo, utaona mtu anayetafuta hela ya kupulizia dawa. Siku mifumo ya mazao na ya mikopo itakapounganishwa, isomwe misimu kadhaa kwa pamoja. Msimu mmoja hausemi lolote kuhusu uwezo wa familia ya Tandahimba kulipa ada miaka mitatu au minne.

Kwa upande wetu, malipo ya korosho yakiingia, tengeni palepale fedha za vyeti, uhakiki na ile Sh 30,000 ya maombi. Julai ni mwezi mgumu.

Nikishafika chuoni, taarifa zangu zinaendelea kusomwa?

Ndiyo. Kusaini bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, sasa kunafanyika kwa alama ya kidole, na fedha inaingia kwenye akaunti yako ya benki. Chuo nacho kinapeleka Bodi matokeo yako, kwamba umefaulu na unaendelea, ndipo mkopo wa mwaka unaofuata utoke. Kwa hiyo chuo kikichelewesha matokeo, bumu linachelewa, na mwanafunzi aliyepanga chumba Shangani au Chuno anabaki na mwenye nyumba mlangoni. Ukiona wenzako wamepata na wewe bado, kwanza kamwone afisa mikopo wa chuo chako, umwulize kama jina lako lilikuwa kwenye orodha iliyotumwa.

Ukihama chuo au kuahirisha mwaka, fuata utaratibu rasmi na uhakikishe taarifa imefika Bodi. Mwanafunzi anayeondoka kimya kimya anaacha nyuma mkopo unaoonekana unaendelea, na deni lake litaanza kuhesabiwa bila yeye kujua.

Mwajiri ananikata kila mwezi, lakini deni halishuki. Fedha inakwenda wapi?

Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8, na kila mtu anakumbuka kelele zake. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Fedha hiyo inafuatana na orodha inayosema ni ya nani. Orodha ikikosea jina au namba ya kidato cha nne, fedha inafika, mwenyewe haonekani.

Wanawake ndio hukumbana na hili zaidi. Mwalimu alikopa kwa jina la baba yake, akaajiriwa Ruangwa kwa jina hilo hilo, akaolewa, akahamia shule binafsi ya Mikindani na kujiandikisha kwa jina la mume. Kwa mwajiri mpya yeye ni mtu mwingine. Anakatwa kwa uaminifu miezi yote, na upande wa pili deni linasimama kama jiwe.

Tunza kila slipu ya mshahara. Omba taarifa ya deni lako Bodi, uiweke kando ya slipu, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Mwezi usioonekana uzungushie kalamu, kisha nenda kwa mhasibu wa mwajiri uombe ushahidi wa malipo ya mwezi huo na orodha iliyoambatana nayo. Ukiwa na hivyo viwili, malalamiko yako Bodi yana miguu. Ukienda na maneno matupu utarudishwa kwa mwajiri, naye atakurudisha Bodi.

Wahitimu wa zamani watazame pia kama ile tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6, iliacha kuhesabiwa kwao. Ilifutwa mwaka 2021.

Sijaajiriwa, nina kibanda cha uwakala na bodaboda. Nasubiri nipate kazi ndipo nilipe?

Usisubiri. Urejeshaji unatakiwa kuanza miezi 24 baada ya kuhitimu au kuacha masomo, uwe umeajiriwa au umejiajiri. Aliyejiajiri anapata namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Kadiri Mamlaka ya Mapato (TRA), NIDA na mifumo ya mishahara inavyozidi kusomana, ndivyo mkopaji aliyetoweka anavyoonekana, na mimi sioni ubaya wake. Bajeti ya mikopo ilikuwa Sh bilioni 570 mwaka 2021/22, ikafika bilioni 787 mwaka 2024/25, na sehemu ya fedha hiyo ni marejesho ya waliotangulia. Mdogo wako aliye kidato cha sita Ndanda anaisubiri.

Deni la Bodi linaweza kunizuia kukopa benki?

Linaweza. Benki Kuu imetoa leseni kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo, zikiwemo Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, na taarifa za wadaiwa sugu wa Bodi zinaweza kufika huko. Ukimaliza kulipa, chukua barua ya kumaliza deni, na kabla ya kuomba mkopo wa benki hakikisha kumbukumbu imesahihishwa huko pia.

Nani anaruhusiwa kuona taarifa zangu, na nina haki gani?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayoisimamia. Ofisi inayochukua taarifa zako inatakiwa kukwambia inazichukua kwa kazi gani. Una haki ya kuziona na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Sheria inakupa pia haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, na hilo linamgusa mwombaji wa mkopo moja kwa moja, maana uhitaji wake unapimwa kwa hesabu. Ukipangiwa kiasi kisicholingana na hali yako, tumia dirisha la rufaa, peleka vielelezo, dai mtu akusome.

Wakenya, wenye bodi yao ya HELB tangu 1995, nao wameunganisha urejeshaji na kampuni za kumbukumbu za mikopo, na kijana asiye na kazi anaweza kubaki na doa kwenye jina. Tanzania tusiige haraka ya kuadhibu kabla ya kukamilisha uwezo wa kusahihisha. Mtandao unaoweza kupeleka jina langu kwenye ofisi kadhaa kwa sekunde uweze pia kulifuta kosa huko kote kwa sekunde zile zile. Kwa sasa mwenye kosa analifukuzia mwenyewe, ofisi kwa ofisi, kwa nauli yake.

Kijana wa steshenari ndiye aliyenifungulia akaunti, na ndiye mwenye nywila. Kuna tatizo?

Lipo, tena kubwa. Wengi wao ni vijana waaminifu na bila wao maombi mengi ya kusini yasingefika. Lakini akaunti ikifunguliwa kwa baruapepe yake na namba yake ya simu, ujumbe wa kwamba kiambatanisho chako kina dosari utakwenda kwake, katikati ya maombi ya watu wengine wote aliowahudumia, na muda wa kurekebisha utapita. Kaa naye kiti cha pembeni, tumia namba yako, andika nywila kwenye daftari lako, badilisha ukifika nyumbani. Kabla hajabonyeza kutuma, mwombe akuonyeshe ukurasa wa majina na ule wa akaunti ya benki, usome tarakimu moja moja.

Nimeambiwa tu "mfumo haujasoma". Naanzia wapi?

Uliza ni mfumo upi ambao haujasoma, wa RITA, wa NIDA, wa NECTA au wa benki, na usiondoke dirishani bila jibu hilo. Kosa linarekebishwa pale kumbukumbu ilipozaliwa; Bodi haiwezi kubadilisha jina lililo NIDA, wala NIDA haiwezi kugusa matokeo ya NECTA. Ukisharekebisha, rudi kwenye maombi yako uhakikishe taarifa mpya imeonekana. Bodi ina ofisi ya kanda Mtwara mjini, lakini kabla ya kupanda gari kutoka Liwale au Nangurukuru, piga picha ya ujumbe wa kosa ulioonekana, namba yako ya mtihani ikionekana nayo, uwatumie kwanza.